Visamaki Nilivyovipaka Rangi

Kwa miaka sita, mimi na kaka yangu tulikwenda Qurayyat, pwani ya kusini mwa Muscat, kila Jumamosi kuvua. Yeye alitokea Hail, mtaa wa Muscat anakoishi na mama, akanipitia kwangu Ansab baada ya sala ya alfajiri, na jua likichomoza tumeshasimama juu ya mawe yetu pembeni ya hori, pale bahari inapoingia ndani ya nchi kavu. Hatukutumia chambo cha dagaa wala ngisi. Tulivua kwa visamaki vya bandia, vidogo kama kidole gumba, vyenye kidomo cha plastiki kinachovizamisha ukivuta mshipi. Ukivuta kwa pupa, kisamaki kinapita juu ya samaki. Ukivuta polepole mpaka kigonge jiwe, kisha ukakiacha kidogo, ndipo chewa anatoka shimoni.

Huko kukiacha nilikugundua mimi. Kaka hana subira. Na rangi zilikuwa zangu. Vya dukani viling'ara mno kwa maji yale, nikavipaka upya jikoni kwangu kwa rangi ya kucha, ubavu kahawia, tumbo manjano. Vilikuwa kumi na tisa, ndani ya kisanduku tulichokiacha garini mwake.

Mwaka juzi, baridi ilipoanza, alinipigia simu. Aliniuliza hali ya watoto, akazungukazunguka, mwisho akaniambia mama hapendi tena nende kuvua. Watu wanasema: mwanamke mtu mzima, mwalimu, anasimama juu ya mawe na fimbo ya kuvulia mbele ya wanaume. Mama halali kwa fikra.

"Usimuulize," alisema. "Utamtia haya. Wewe acha tu, kwa radhi zake."

Nikaacha. Jumamosi nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nikenda kumtazama mama, nilimchungua uso nikitafuta ile aibu niliyomtia, na nikaiona. Akinyamaza kidogo tu, nilijua ni kwa ajili yangu. Nikapunguza hata kwenda.

Baridi ilikuwa inakwisha siku aliponiuliza mwenyewe, tumekaa jikoni kwake tunachambua mchele.

"Mwanangu, mbona umenisusa? Hata samaki huniletei tena. Nna hamu na changu wako."

Nilimwambia nilidhani hapendi nende. Akaacha mchele.

"Mie? Nlisema lini? Mie nlikuwa najisifia kwa majirani."

Sikumwambia aliyenambia. Jumamosi iliyofuata niliendesha gari peke yangu mpaka Qurayyat.

Gari la kaka lilikuwepo, na wanaume wanne wa ofisini kwake walikuwa juu ya mawe yetu. Yeye alikuwa katikati, anawafundisha: vuta taratibu, kigonge jiwe, kiache. Maneno yangu, hata mkono aliushusha kama ninavyoushusha mimi. Mmoja wao, mtu mwenye adabu, alinisalimu akanisogezea nafasi. Akanionesha kisamaki mkononi mwake, tumbo la manjano.

"Kaka yako fundi," alisema. "Hata rangi anapaka mwenyewe."

Kaka alisikia. Alitazama maji.

Nilimwomba kisanduku changu. Visamaki vilibaki saba. Alinifuata mpaka garini, akasema kwa sauti ya chini kwamba wenzake walitaka kuja, na mbele ya dada yake wasingekuwa huru. Angeniambia vipi?

"Ungenambia hivyo hivyo," nilimjibu. "Ningenuna siku mbili. Wewe umenifanya nimkimbie mama yangu baridi nzima."

Alisema hakudhani itafika huko. Hakuniomba msamaha, na mimi sikungoja. Nilirudi Muscat bila kutupa mshipi hata mara moja, na njia nzima nilikuwa nahesabu siku ambazo ningekuwa nimekaa na mama na sikukaa.

Sasa navua upande wa pili wa hori, ambako mawe yanateleza na chewa ni wachache. Mama nampelekea changu nikipata. Kaka tunaonana naye Idi na harusini, tunapeana mikono, watoto wetu wanacheza. Mama hajui lolote, anadhani tumeshughulika na maisha. Lakini kaka akinipigia kunambia mama kasema hivi au anataka vile, namwitikia vizuri, nakata simu, kisha nampigia mama mwenyewe.