Ni Mawimbi Tu

Mwanangu, ipo siku moja kisiwani Bumbire ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa kijana, darasa la saba sikulimaliza, nabeba mbao kwa Mzee Rwegoshora, fundi wa mitumbwi. Leo mitumbwi yangu inajaza mwalo mzima, na sikurithi hata kasia. Hilo tuliache.

Mtumbwi mpya ulitiwa ziwani kujaribiwa, ukarudi na maji ndani. Mwenye mtumbwi, mkulima wa kahawa wa Kanazi, akacheka. "Ni mawimbi tu, mzee. Jioni uende kazini." Wa kwenda nao kuvua alikuwa kaka yangu, Kamugisha.

Mzee Rwegoshora akamuuliza yule mkulima, "Maji haya yamepita juu au chini?"

"Waitu, mzee wangu, nitajuaje? Ziwa limechafuka."

"Basi hujajaribu mtumbwi. Umejaribu ziwa."

Tukauvuta nchi kavu, tukaujaza maji kwa ndoo. Pale hapakuwa na wimbi la kusingiziwa. Chini, karibu na pua yake, kiungio kimoja kikaanza kuvuja, pamba ya kuzibia haikushika. Kaka yangu akaugusa ule unyevu.

Sasa binti yangu Koku, hapa nyumbani Kitendaguro, ananitengenezea programu ya kupiga kengele mtumbwi ukichelewa kurudi. Kila jaribio lake lilianza kwa kuuliza mtandaoni seva, kompyuta ya mbali yenye jina fulani, iko wapi. Mtandao ukisinzia, jibu haliji, kioo kinawaka nyekundu, kwamba jaribio limeshindwa. Anarudia mpaka kijani.

"Ni mtandao tu, Tata."

Nikamsimulia ya Bumbire.

Koku akayapa majaribio jibu lisilobadilika, ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Mtandao akautengea jaribio lake peke yake. Nyekundu zikaisha, ikabaki moja. Akarudia, haikuondoka. Ilikuwa kosa la programu yenyewe: mtumbwi ukitoka jioni na kuchelewa hadi kesho yake, kengele haikulia.

"Baba mkubwa Kamugisha hutoka jioni," akasema taratibu.

Mwanangu, sikia neno la mtu aliyejijenga mwenyewe. Unapojaribu kazi yako, itenge kwanza na vurugu usizozitawala. Ukijua ni nzima, ndipo uipeleke ziwani. Na usizoee kuisamehe nyekundu ya uongo, maana siku ya nyekundu ya kweli utaisamehe vilevile, na kuna mtu atakuwa majini.

Mungu akupe jicho la Mzee Rwegoshora. Na kila unayemuaga jioni, akujalie umpokee asubuhi.