Kikumbusho cha Ukweni Kilichotokea Ukutani

Aibu hii ningeweza ningeizika nikapanda mihogo juu yake, lakini Kuluba nzima wanaijua, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjaipata kwa mwingine akaitia chumvi.

Siku ya kwanza niliyotakiwa kwenda Kuluba, kule Koboko, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Zaituni, mimi nilikuwa Arua ofisini nabishana na printa, nimesahau kabisa, na kule wamechinja kuku, wamekaa wakanisubiri mpaka chakula kikapoa. Zaituni hakupiga kelele, alisema tu, "Wamekupa siku ingine. Ukisahau na hiyo, usinitafute tena." (Nampenda yule mwanamke, na nilijua hatanii.)

Basi nikafungua kalenda kwenye kompyuta ya kazini, nikaingia kwenye mipangilio, nikataka vikumbusho vitokee juu ya kila kitu kilichofunguliwa, vilie kwa sauti, na nikiviahirisha virudi baada ya dakika tano. Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Lakini nikajaza na mawaidha ya Zaituni kuhusu kaka mkubwa wa baba yake, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao na sijawahi kumwona: "JIONI UKWENI. Mzee Rajabu anapenda sifa. Sifia shamba lake hata kama mihogo imeoza." (Hiyo ya kuoza niliongeza mwenyewe, kwa kujifanya mcheshi.)

Siku yenyewe ofisi ikanituma hukohuko Kuluba asubuhi, kufundisha wakulima magonjwa ya mihogo, nikaona bahati iliyoje, nikafunga kompyuta na projekta kwenye boda nikaenda. Niko katikati ya picha ya mzizi uliooza, kengele ikalia, na kikumbusho changu kikajaa ukuta mzima wa darasa.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Iko nini pale? Mimi nimeacha miwani nyumbani. Soma."

Jirani yake akasoma, polepole, kwa sauti, mpaka mwisho. Halafu akamgeukia akasema, "Mzee Rajabu, hii iko wewe."

Nikakimbilia kipanya, na kwa haraka badala ya kubofya funga nikabofya ahirisha, kwa hiyo nikiwa bado naomba radhi, kengele ikalia tena, na safari hii darasa zima likasoma kwa pamoja kama watoto wa shule. Mzee Rajabu akachukua fimbo yake akatoka.

Jioni nilikwenda kwa sababu kutokwenda ndiko kungemaliza kabisa. Kwetu bwana harusi ukweni hasemi, anainamisha kichwa na wazee wake ndio wanasema, na mimi amu yangu kutoka Pajulu, aliyekuja kunisemea, sikuwa na ujasiri wa kumweleza ya asubuhi. Akakohoa, akaanza vilevile nilivyomfundisha jana yake, "Mzee, njiani tumeona shamba lako, kweli Mungu amekupa mkono."

Mzee Rajabu akasema, "Hiyo tulisoma asubuhi. Leta ingine."

Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, na cha Zaituni nikakisikia wazi, nikajua nimekwisha. Amu akanitazama mimi, mimi nikatazama mkeka.

"Mihogo yangu iko mbaya kweli," mzee akaendelea. "Watu wote wanapita, wananiambia iko nzuri. Huyu peke yake ameandika." Akaninyooshea fimbo. "Jumamosi anakuja na jembe, anang'oa yote. Aweke hiyo ndani ya kompyuta yake."

Amu akanibana goti, maana mtu uliyemkataa humwiti shambani kwako. Nilitamani kulia.

Niliweka, neno moja tu: "Jembe." Na tangu siku ile siandiki kwenye kalenda kitu ambacho sitaki mzee Rajabu akisome, kwa sababu siku hizi haachi miwani nyumbani.