Kikohozi cha Mstari wa Nyuma

Odile Kerbrat alikuwa na masikio ambayo uzee ulisahau kuyagusa. Maisha yake yote alipiga taipu kwa mawakili wa Paris. Alipostaafu, wasomi waliokuwa wakichapisha mihadhara ya marehemu Profesa Vasselin walimpa kazi ya kusikiliza kanda na kuandika kila alichosema mwanafalsafa huyo. Kanda zenyewe zilirekodiwa na wasikilizaji, waliokuwa wakipanga vinasa sauti mezani kwake kama sahani za harusini.

Hakuwaambia kwamba marehemu mumewe, Ghislain, alikuwa akikaa mstari wa nyuma wa ukumbi wa mihadhara hiyo. Mihadhara ilikuwa bure na ukumbi ulikuwa na joto. Fundi bomba asiye na kazi angetaka nini zaidi? Kila aliporudi nyumbani alikunywa supu ya vitunguu na kutania, "Leo nimeelewa maneno mawili: 'mabibi' na 'mabwana'." Kisha alikohoa, mara mbili kavu, ya tatu ndefu, kama mtu anayeburuta kiti.

Kikohozi hicho kilikuwamo kwenye kanda. Alipokisikia mara ya kwanza, Odile aligeuka kutazama mlango.

Sauti nyingine ya mumewe hakuwa nayo. Akaanza kukiandika, na kila mara Anaïs Vauquelin, msomi kijana aliyesimamia kazi, akakifuta.

"Bi Odile, tukiandika vikohozi vyote tutatoa kitabu cha mafua."

"Si vyote. Hicho kimoja tu."

"Kanuni ni kanuni, mama. Kelele za ukumbini hatuziandiki, isipokuwa profesa mwenyewe akizijibu. Na mwezi ujao mashine inasafisha kanda zote. Itabaki sauti yake peke yake."

Basi Odile akasikiliza akimngojea Vasselin ajibu. Hakujibu. Na huyo ndiye aliyefundisha, na wasomi wangali wanagombana juu ya neno hilo, kwamba mtu hajawapo mahali mpaka mwingine amjibu.

"Mjibu basi," Odile aliiambia mashine ya kanda. "Unaringa nini?"

Kanda za Januari zikaisha. Januari ya mwaka huohuo ndipo walipomzika Ghislain, ardhi imeganda hata wachimbaji wakatukana. Kanda ya Machi aliiweka kwa mazoea tu.

Mara mbili kavu. Ya tatu ndefu. Safari hii haikutoka nyuma. Ilikuwa kando kabisa ya vinasa sauti.

Vasselin alinyamaza. Kisha akasema, taratibu, "Ndiyo, bwana. Nimekuona. Kaa."

Hakuna aliyecheka ukumbini. Kiti kikaburutwa.

Odile alimwita Anaïs, akamvalisha spika za masikioni, akamweleza yote.

"Labda tarehe imekosewa," Anaïs alisema.

"Sikiliza mbele. Anataja uchaguzi wa Machi."

"Basi ni mtu mwingine mwenye kifua kama chake."

"Huenda," alisema Odile, aliyelala kando ya kifua kile tangu usichana wake. "Lakini amejibiwa, mwanangu. Kanuni ni kanuni."

Anaïs alivuta kibodi, akaandika yeye mwenyewe: *Msikilizaji anakohoa.*

"Niweke jina?"

"Acha. Ameitwa bwana, inatosha."

Jioni ilikuwa imeingia. Anaïs alikusanya vitu vyake, akainama kuzima kipasha joto.

Odile akamshika mkono. "Kiache kiwake."

Anaïs hakuuliza kwa ajili ya nani.