Redio Iliyonuka Samaki

Larusi akiwa na redio mbovu mezani haongei na binadamu, anaongea na redio. "Mshenzi we! Jana si uliimba? Leo una nini, umenuna?" Mimi Mukhtari nashona viti vya magari, duka la pili kutoka lake, mtaa wa mafundi hapa Sfax. Naapa nimemsikia akitukana redio kuliko mke wangu anavyonitukana mimi, na mke wangu si haba.

Ufundi alifundishwa na Mtaliano mmoja mlevi aliyekuwa akitengeneza redio za meli bandarini. Mtaliano alirudi kwao, akamwachia chuma cha kulehemu na tabia ya kuvaa koti la sufu hata jua la Agosti. Masharubu ya Larusi yana pengo upande wa kushoto. Yeye anasema ni ajali ya kazini, mimi nasema alisinzia juu ya chuma cha moto. Lakini mkono wake ni mzuri, hilo silibishi. Balaa ni kwamba watu walikuwa wameacha kuleta redio. Ndio mwaka ule madishi ya televisheni yalipoanza kuota juu ya mapaa, kila nyumba inataka kutazama Ulaya, na duka la Larusi likabaki na vumbi, yeye, na mimi ninayekwenda kumnywea chai.

Mkewe, Beya, hakuwa na subira na hilo. Alitaka duka apewe Slim, mtoto wa kaka yake, auze madishi. "Funga, mwanamume!" alikuwa akimwambia mbele yetu sote. "Vidole vimeungua vyote, kwa faida ya nani? Njoo nyumbani ule chakula kingali moto." Slim naye hana haya, alishakuja na futi kupima ukuta, Larusi akiwa amekaa pale pale. Nilitaka kumzaba kofi.

Ndipo akaja Bwana Tijani, mwenye kinu cha mafuta ya zeituni, na Peugeot 403 nyeusi aliyorithi kwa baba yake. Binti yake anaolewa, na anataka atoke nyumbani kwa gari lile, redio yake ya asili ikiimba. "Sitaki kaseti, sitaki redio ya Kijapani," akasema. "Hii hii." Redio yenyewe ilikuwa bubu tangu binti hajazaliwa. Larusi aliitazama, machozi yakamlengalenga kama kaona jamaa aliyepotea.

Beya akashika kiuno. "Haya, Larusi. Ikiimba mlangoni kwa bibi harusi, sitakutajia tena habari ya kufunga. Ikinyamaza, ufunguo kwa Slim."

"Nimekubali," akasema Larusi.

Mimi nikapewa viti vya gari nivijaze upya, yeye akaishika redio, akafanya kazi kama kichaa. Redio zile zina taa ndogo za kioo ndani, na mpaka zipate moto husikii kitu. Unawasha, unangoja, unaanza kukata tamaa, ndipo sauti inapanda polepole kutoka chini. Siku alipoirudisha garini ikapanda, udi unalia, mwanamke anaimba, mtaa mzima ukamiminika. Mimi kwa furaha nikaropoka: "Lo, Larusi! Sauti hii hata redio mpya haina!"

Basi. Sikusema mashallah. Ulimi uliteleza, nifanyeje?

Beya alikuwa amemletea mumewe chakula. Akanifungulia vidole vitano usoni, maana kwetu vidole vitano na samaki ndiyo kinga ya jicho la husuda. "Tano machoni mwako, Mukhtari! Samaki juu ya redio!"

"Macho yangu yamekosa nini?"

"Yamekodoka!"

Kesho yake redio haikutoa hata mkoromo. Fyuzi imeungua. Larusi akaichomoa redio, akaiweka mezani kwake, ikaimba vizuri kabisa. Akaweka fyuzi mpya, akairudisha garini, ikaimba, tukashangilia. Asubuhi nyingine, kimya tena. Na sasa gari lilikuwa na harufu. Paka wa soko la samaki walianza kulala juu ya boneti, wamejipanga kama wanangoja daktari.

"Mukhtari," Larusi akaniuliza, "viti hivi umevijaza nini?"

"Sufu! Unadhani nimejaza dagaa?"

"Mbona vinanuka?"

"Kanuse koti lako kwanza!"

Tulinuniana hadi adhuhuri. Yeye alikuwa na hakika ni Slim anayemhujumu, akaanza kumvizia, maskini, na koti lile kwenye joto lile. Nyaya zilizo chini ya dashibodi alizipapasa kwa mkono tu, maana tumbo lake haliingii kule, na mkono haukufika mbali. Kubadilisha fyuzi, kuchomoa, kurudisha, kutukana. Beya naye, ajabu, aliacha kumpigia kelele. Alikuwa akileta chakula, anaduru gari mara moja, anaingiza kichwa mlangoni, anasoma dua chini kwa chini, anaondoka. Nikasema huyu kashaona kashinda, anaona aibu kucheka.

Siku ya harusi Larusi alirudisha redio kwa mara ya mwisho, ikaimba dukani, akaendesha mwenyewe polepole hadi mlangoni kwa Bwana Tijani. Vigelegele, ngoma, watoto wamejaza peremende mdomoni. Slim yupo, kavaa suti. Bibi harusi yuko ndani anasubiri wimbo ndipo atoke. Larusi akawasha.

Taa ya namba za redio ikawaka. Tukangoja. Krr. Krrr. Kisha kimya, na uzi wa moshi ukatoka chini ya dashibodi, na harufu, jamani, ya samaki anayekaangwa. Paka mmoja akarukia ndani kupitia dirishani.

Watu wakaangua kicheko. Bwana Tijani akasema, "Larusi, umenitia aibu." Larusi alitoa ufunguo wa duka kwenye koti, akamnyooshea Slim. Nilimwonea uchungu mpaka nikakasirika. Nikampiga ule mkono, ufunguo ukaanguka chini. "Ngoja kwanza, bwana wee!" Nikalala chali sakafuni mwa gari, nikajipenyeza chini ya dashibodi. Mimi ni mwembamba, chakula cha kwangu hakinenepeshi mtu.

Mkono wangu ukagusa kitu kikavu, kigumu, kina miba. Nikavuta. Mkia wa samaki, umekaushwa kwa chumvi, umebanwa kwenye nyaya kwa pini ya nguo. Nikavuta wa pili. Wa tatu ulikuwa ndani kabisa, mkongwe kuliko yote, na pini yake ilikuwa imetoboa waya mwekundu, ncha inagusa bodi kila gari likitikisika. Umeme wote ulikuwa unaishia pale.

Larusi akamgeukia Slim. "Wewe!"

"Wallahi, mjomba! Mimi hata samaki sili!"

"Mwache mtoto," akasema Beya. Uso ulikuwa umemwiva. "Ni mimi. Ni kinga ya jicho la Mukhtari. Kila ikinyamaza nikajua jicho limezidi, nikaongeza mkia."

Larusi akamgeukia mkewe. "Lakini Beya, si wewe uliyetaka nishindwe?"

"Nilitaka ufunge duka! Nani kakwambia nilitaka watu wakucheke?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Larusi alivuta kamasi, akajipangusa kwa mkono wa koti, kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalivua. Akaingia chini ya dashibodi, yeye na tumbo lake lote, akaufunga waya kwa utepe mweusi, akabadili fyuzi. "Washa!" akapiga kelele kutoka kule chini.

Nikawasha. Tukangoja, hakuna anayepumua. Ikapanda polepole, fidla kwanza, halafu mwanamke akaimba, na bibi harusi akatokea mlangoni na vigelegele vikatuziba masikio. Ila kuingia garini hakuweza, kwa sababu Larusi alikuwa amekwama, miguu yake imetoka nje ya mlango inarusharusha viatu.

Slim akamsogelea Beya. "Shangazi, na duka je?"

Beya aliokota ufunguo mavumbini, akaufuta kwa ushungi wake, akautia kifuani.

"Duka gani? Huoni mwenyewe yuko kazini? Shika mguu ule, tumvute."