Waliogonga Paa la Pikapu

Mtaani tulimwita Mzee Kamba, kwa sababu hakuna mzigo uliowahi kudondoka kwenye pikapu yake. Kabati, magodoro, mashine za kusaga, vyote alivifunga kwa mafundo ambayo wenye mali walitoka jasho kuyafungua. "Mzee, umefunga kabati au umefunga ndoa?" tulimtania, naye akicheka mpaka kifua kinamkaba.

Kicheko kile kilikatika mchana mmoja wa jua kali, jirani yake, fundi cherehani, alipozidiwa ghafla. Wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, binti yake akampakata kichwa, Mzee Kamba akakanyaga mafuta. Njiani akasikia paa la kabini linagongwa: ngo, ngo, ngo. Akadhani wanamhimiza. Akaongeza mwendo. Walipofika hospitali, mama wa watu alishakata roho.

Tangu hapo akawa anasikia paa likigongwa hata akiwa peke yake. Anaegesha, anashuka, anachungulia nyuma: kamba na turubai tu. Makanika akakaza kila skrubu. Kesho yake, ngo, ngo, ngo. Akaanza kuikwepa barabara ya hospitali, akizunguka mbali kama mkosaji. Chakula kikamshinda.

"Nenda kaongee na yule binti," mkewe alimwambia. "Mficha maradhi, baba watoto, kifo humuumbua."

Alimkuta binti akikunja nguo za wateja ambazo mama yake aliziacha bila pindo.

"Mwanangu, siku ile mlinigongea. Mlitaka nini?"

Binti akaweka gauni chini. "Baba, sikutaka kukuambia. Mama alikuwa anasema. Nilitaka upunguze mwendo nimsikie. Upepo na injini vilimeza kila kitu. Niliona midomo tu ikicheza."

Mzee Kamba akajikuta amekaa kwenye kiti cha cherehani. "Mimi nilidhani nawawahisha."

"Ulituwahisha. Ningekuwa mimi kwenye usukani, ningekimbia vilevile." Akaliokota tena lile gauni. "Ila kila nikiamka najiuliza alisema nini."

Mzee Kamba akakisogeza kiti karibu. Alimsaidia kukunja nguo zilizobaki, wakazimaliza zote.

Siku ya pili akaipeleka pikapu kwa fundi wa vioo, akamwambia atoe kioo cha nyuma ya kabini na kuweka cha kusukuma.

"Unataka upepo, mzee?"

"Nataka kuwasikia walio nyuma."

Kama paa bado linagongwa, anayejua ni mkewe, naye ukimuuliza anakukaribisha maji ya kunywa, basi. Sisi tunachokiona ni pikapu tupu ikipita polepole katikati ya mchana, kile kidirisha wazi, redio imezimwa, Mzee Kamba kainamisha kichwa upande, na magari nyuma yake yanapiga honi weee mpaka yanachoka.