Gramafoni Yangu Harusini Lugoba

Chekeni tu, hata mimi nikikumbuka hucheka peke yangu. Miaka ile Bagamoyo gramafoni zilikuwa za kuhesabika, na moja ilikuwa yangu. Kila jioni majirani walijaa barazani kwangu kusikiliza santuri moja ile ile ya taarabu. Ah, raha ile sijaiona tena!

Binamu yangu alipooa Lugoba, niliahidi muziki. Santuri nikaiacha nyumbani, isije ikavunjika kwenye lori. Nilijiambia: chuoni, mtoto akishahifadhi sura ya Kurani, ubao wake hufutwa. Gramafoni hii imeimba wimbo huu mwaka mzima, imeshauhifadhi.

Siku ya harusi watu wakanizunguka uani. Nikaitia ufunguo kwa madaha, kanzu ikinukia udi, nikashusha sindano juu ya kisahani kitupu. Ikakwaruza. Nikatia ufunguo tena, ikakwaruza zaidi.

Bibi mzaa mama wa bi harusi akasogea, akachungulia.

“Santuri iko wapi, mjukuu wangu?”

“Nyumbani, bibi. Wimbo wenyewe gramafoni imeshauhifadhi.”

Kicheko kikalipuka ua mzima. Bibi akakipapasa kile kisanduku kwa huruma.

“Basi mrudishe chuoni, baba. Huyu bado hajahitimu.”