Mama Anasali Mbele ya Picha ya Kijapani

(Msomaji wetu wa Goma ametuomba tufiche jina lake, nasi tumelificha.)

Nina miaka thelathini na mmoja, Mkatoliki, mke mmoja na watoto wawili. Mimi ni mpishi kwa bwana mmoja Mbelgiji, mtaa wa Himbi. Mwaka jana, alipokuwa akifunga mizigo ya likizo, alinipa picha ya Kijapani, ile inayochapwa kwa ubao uliochongwa, kwa sababu pembe yake moja ililiwa na mchwa. Ni ya mwanamke mwenye fimbo ya chuma mkononi, na kofia kubwa ya duara imening'inia nyuma ya kichwa chake. Bwana alicheka, akanieleza kwamba hawa ni wanawake wa kuimba na kucheza mbele ya wanaume wanaokunywa, na siku ya sikukuu yao huvaa mavazi ya kiume ya mchezo, wapite barabarani watazamwe. Mimi nilipenda rangi tu, nikaitundika sebuleni.

Kisha mama yangu akaletwa kutoka Butembo, mgonjwa, hali wala hasemi. Tulimlaza hapo sebuleni kwa kuwa chumba tunacho kimoja. Siku ya nne akafungua mdomo, akaniita kama anavyoniita tangu utotoni: "Papa, ule mutakatifu ni nani? Ule wa nuru ku kichwa."

Nuru yenyewe ni ile kofia. Lakini siku nne sikuwa nimesikia sauti ya mama! Nilifurahi hata akili zikaniruka. Nikamjibu, "Ni mutakatifu wa mbali, mama." Nilitaka atulie, basi.

Akashika rozari. Leo mama anachota maji mwenyewe. Daktari alimpiga sindano, namshukuru sana, ila habari za sindano mama hataki hata kuzisikia. Ameshona kitambaa cheupe cha kutandika chini ya picha. Wamama wa mtaa wanakuja kusali naye, na mimi nikitoka kazini naingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi.

Sasa ameamua kuipeleka kanisani mwezi ujao, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, ibarikiwe mbele ya watu wote. Padri wetu amekula kwa bwana wangu mara nyingi. Picha hiyo anaijua, nilimwona kwa macho yangu akiicheka mezani.

Juzi nilijaribu. "Mama, tuiache nyumbani. Pengine padri atakataa."

Mke wangu, anayejua yote, aliinama akajifanya anachambua maharagwe. Mama hakukasirika hata kidogo. "Akikataa," akasema, "nitamuambia, mutoto yangu hawezi kunidanganya."

Nikiificha, atasema mtakatifu wake ameibiwa, na naogopa atalala tena asiamke. Nikinyamaza, ataaibika kanisani nikimtazama. Nikisema kweli, atajua alimsalia nani, na ni nani aliyemwambia asali.

Nishaurini, wasomaji, nimeshindwa kabisa. Ninyi mlio na mama, niambieni nianze na neno gani.